Barua Iliyonuka Kitunguu

Barua ya tatu ya Haron ilifika Ogembo mfukoni mwa askari aliyekuja likizo. Askari akaiacha dukani kwa Celestine, na Celestine akampelekea Gesare nyumbani, imefungwa pamoja na sabuni. Kule ng'ambo, kwenye kambi ya jeshi alikokuwa Haron, simu zilikuwa zimekusanywa na wakubwa. Watu wa nchi ile walikuwa wanauana wenyewe kwa wenyewe, na vijana wetu walikuwa wamekwenda kulinda amani, si kupiga gumzo.

Gesare alivaa miwani, akamshukuru Mungu kwanza, ndipo akafungua.

"Mke wangu Gesare," barua ilianza, "bado una meno?"

"Mjinga huyu!" Gesare akacheka mpaka kuku wakahama mlangoni.

Kwa Wakisii mjukuu humwita nyanya yake mke, akamtania atakavyo. Baba na mama hawataniwi, na habari za wasichana hazitajwi mbele yao kabisa. Kwa hiyo siri zote za Haron zilitua kwa nyanya.

Na siri kubwa ilikuwa hii: alipoondoka aliwaambia watu wote anakwenda kushika bunduki kubwa. Kufika kambini, wakampa mwiko. Mwanamume aliyetahiriwa, ambaye kwao hakuwahi kuinama mekoni hata kuchochea moto, sasa ndiye anayesonga ugali wa kambi nzima.

"Nenda Tabaka kwa Sheila," aliandika. "Nasikia Ogari, yule mnunuzi wa vinyago, anataka kupeleka wazee kwao kumposa. Mwambie anisubiri, narudi Desemba. Mwambie niko mstari wa mbele. Ukitaja sufuria, mke wangu, utakuwa umeniua kabla ya waasi."

Gesare akafikiri. Uongo hakuuweza, tangu awe mjane alikuwa ameshikana na Mungu wake kwa mikono miwili. Lakini hakukumbuka mahali popote katika Biblia palipoandikwa kwamba mtu lazima ajibu asiloulizwa. Akajifunga leso, akaitia barua ndani ya Biblia, akaenda.

Alimkuta Sheila nyuma ya nyumba yao, vumbi jeupe la mawe mpaka kwenye nyusi, akimsugua kiboko wa jiwe kwa msasa ndani ya beseni la maji.

"Nyanya, umekuja kuomba kura ama umetumwa?"

"Nimetumwa na mume wangu."

Sheila akacheka. "Na huyo mume wako yuko hai?"

"Hai kabisa. Amenona."

"Amenona vitani?"

Gesare akaona ameteleza. Akajifanya anatafuta miwani, na miwani ilikuwa usoni.

"Wazee wa Ogari wanakuja Jumapili," Sheila akasema, sasa bila kucheka. "Baba anataka jibu langu. Haron aliondoka hajaniambia neno la maana. Niambie ukweli, anafanya nini huko?"

"Anaamka kabla ya wote. Asipofanya kazi yake siku moja, kambi inaanguka."

"Amekuwa mkubwa?"

"Hata wakubwa humpangia foleni."

Sheila akamweka kiboko chini. "Leta hiyo barua." Akaipokea, asiisome, akainusa. "Nyanya! Barua ya mwanajeshi inanuka kitunguu?"

Gesare akaangalia mbinguni. Mbinguni hakukuja msaada. Basi akaichukua barua, akaisoma yote, sufuria na mwiko, hata mahali ambapo yeye mwenyewe alikuwa amepapita haraka:

"Juzi makombora yalianguka karibu na lango. Wenzangu waliingia handakini. Niliogopa, nyanya. Lakini akina mama na watoto waliokimbilia kwetu walikuwa hawajala, na ugali ulikuwa haujaiva. Nikabaki nikisonga huku nikilia. Usimwambie Sheila kwamba nililia."

Sheila alicheka mpaka akamwaga beseni. Halafu akajipangusa macho.

"Vumbi la mawe," akasema.

"Naliona," Gesare akajibu.

"Jana Ogari alikaa hapo ulipokaa. Chupa ya chai ilikuwa karibu na mkono wake. Akaningoja nimalize kazi, ninawe, nije nimmiminie."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nitamwambia mama, mama amwambie baba, Jumapili wale wazee wabaki kwao."

Gesare akaomba kalamu hapo hapo, akageuza barua, akaandika nyuma:

"Mume wangu, mimi sikuanza. Ni kitunguu chako kilichoanza kusema. Sasa nimepata mke mwenza. Anasema atakusubiri, lakini mekoni utaingia wewe, na uje na mwiko wako. Naomba Mungu akufunike usiku na mchana. Rudi mzima. Ukichelewa, Ogari bado anatafuta mke, na mimi meno ninayo."