Nyuma ya Nesi Kathini

Waithera alikuwa fundi wa kushona yunifomu za shule pale Kitengela, na mdomo wake ulijulikana kuliko cherehani yake. Lakini mwaka ule wa 2002 hata yeye alijifunza kunyamaza.

Vijana wa Kiama, mbabe wa mtaa, walikuwa wameteka kisima cha mtaa. Walianza kwa kulinda mtambo wa maji usiibwe, na watu wakawashukuru. Watu walipozinduka, kufuli ilikuwa ya Kiama, na aliyechota bila kuwapa chochote alirudi nyumbani bila mtungi, pengine na bila meno. Polisi walipoelezwa walisema watakuja kuangalia. Labda bado wako njiani.

Kathini alikuwa nesi wa zahanati, mwanamke asiyetafuna maneno. Alipotangaza kugombea udiwani ili kisima kirudi kwa wenyewe, Waithera alifurahi kweli. Akampa duka lake wafanyie mkutano, mlango umefungwa, watu wachache tu wa kuaminika. Kesho yake asubuhi Kiama alipita dukani, akamrudishia Waithera yote aliyoyasema mle ndani, neno kwa neno, huku akitabasamu. Kisha akamuuliza kama watoto hawajambo.

Nani alipeleka maneno? Ushahidi haukuwepo, lakini mtaa ulikuwa umeshahukumu. Vijana wa Kiama walikula kila mchana kwenye hoteli ya Jentrix, mama yake Immaculate na mke wa Ouko wa kiwanda cha saruji, na Jentrix alikuwa mkutanoni. Kwamba walikula bure, na kwamba Jentrix maskini hakuwa na njia ya kuwafukuza, hilo hakuna aliyejisumbua kulifikiria. Jentrix ndiye aliyempeleka Waithera hospitali Kajiado uchungu ulipomshika, akakaa naye mpaka Virginia akazaliwa. Hata hivyo Waithera alianza kupitia njia ya nyuma ili wasikutane. Ilimuuma, lakini alipita huko huko.

Siku moja Jentrix alimvizia kwenye kona.

"Mama Virginia, nimekukosea nini?"

"Hakuna. Niko na kazi mingi tu."

Siku ya uteuzi wa chama ikafika, watu wakakusanyika kwenye uwanja wa shule ya msingi. Hakukuwa na kura ya siri. Ulipanga mstari nyuma ya unayemtaka, mchana peupe, ukahesabiwa. Mpinzani wa Kathini alikuwa Gichuru, mwenye ploti nyingi, na kando yake alisimama Kiama akitazama nyuso. Mstari wa Gichuru ulijaa mpaka getini. Nyuma ya Kathini palikuwa na nyasi tu. Wale wote waliokuwa dukani siku ile, Waithera akiwemo, walibanana kando ya ua wakijifanya wanangoja jirani.

Ndipo Jentrix akatoka peke yake. Alikaza leso kiunoni, akavuka uwanja, akasimama nyuma ya Kathini.

"Huyo ametumwa," mtu mmoja alinong'ona karibu na Waithera. "Anataka kuona nani atamfuata."

Wanawake wawili waliokuwa wameanza kusogea walirudi haraka. Waithera naye alitikisa kichwa kukubali, kabla hata hajafikiri. Kisha akamtazama Kiama. Tabasamu lilikuwa limetoweka usoni. Alimwinamia kijana wake mmoja akamwambia neno, na kijana akatoka mbio, mtarimbo mkononi, kuelekea hotelini kwa Jentrix.

Aibu ilimshika Waithera mpaka machozi yakamlenga. Mtu hamtumi mtu halafu akamvunjia hoteli. Aliwaza cherehani yake. Akamwaza Virginia. Miguu ilikataa, akaibembeleza, ikakataa tena, na mwishowe akajikuta katikati ya uwanja, mtaa mzima ukimtazama. Alisimama hatua chache nyuma ya Jentrix.

Jentrix hakugeuka.

"Na wewe umetumwa na nani?" aliuliza kwa sauti ya chini.

Mkutano ulikuwa dukani kwa Waithera, na ufunguo ulikuwa wake. Kumbe miezi yote ile alipokuwa akimkwepa Jentrix, Jentrix alimwona mtu anayeshindwa kumtazama machoni, na yeye pia akamhukumu.

"Sijatumwa, Mama Immaculate. Nimekuja tu."

Afisa alipita akawahesabu, kazi ya kufumba na kufumbua, akaenda kuanza kuhesabu mstari wa Gichuru. Hakuna mwingine aliyevuka uwanja. Upande wa hotelini ilisikika sauti ya mabati yakibanduliwa. Jentrix aliisikia. Alikaza leso tena, wala hakuondoka.

"Sogea karibu," alimwambia Waithera. "Ukiacha nafasi hapo, watasema hatujuani."

Waithera akasogea.