Inzi Juu ya Embe la Puna

…mistari miwili ya njano mgongoni, au ni mwanga tu wa dirisha la jikoni kwa mama, na mama mwenyewe yuko kwenye simu hapumui, mchungaji kasema hivi, jirani kajibu vile, namwitikia ee mama, ee, huku nakuza picha ya inzi aliyonitumia, kwa sababu inzi wa matunda wa hapa kwetu mgongo wake ni mweusi mtupu, huyo hana neno, lakini yule wa Tahiti ndiye mwenye mistari, na akithibitika yuko Aitutaki, kisiwani kwa mama, wenzangu wa ofisi ya karantini ya mimea watakwenda na magunia, wachume kila mti hadi tunda la mwisho, hata machanga, na huyu kakaa juu ya embe, embe la mwembe wa Puna, nalijua, Puna kaka yangu amezikwa Auckland, nyumbani limebaki kondo lake la nyuma lililofukiwa siku aliyozaliwa na mwembe uliopandwa juu yake, tangu msiba mama haruhusu mtu auguse… Mungu wangu, awe wetu tu… mama, inzi huyu umemtoa kwenye embe hilo? anacheka, la, katoka kwenye pera bovu kule uani, kamweka kwenye embe apendeze, picha inakwenda ofisini kwa mwanawe, atume pera lililooza amwaibishe? nami nashusha pumzi, pera, inzi wetu hupenda mapera, ila wa Tahiti naye huyapenda, na mpera ule umepakana na mwembe, najidanganya nini… mama anaacha kucheka, kisha taratibu, “Mata, we niambie wanataka mti gani, nitasema katoka huo,” kumbe anajua ninachohofia, ataapa hata kanisani nikimwomba, na hapo ndipo ninapoumia, maana mistari niliiona tangu picha ilipofunguka, nilikuwa nangoja mtu anisaidie kutoiona, sikutaka mtu huyo awe yeye… “Mata, upo?” nipo mama, nipo, nitakuambia umtie inzi kwenye friza asiharibike hadi wamchukue, na wakija na magunia usiwafungie geti, ila mwembe wa Puna uwaambie utauchuma mwenyewe, kwa mkono wako, nao wakusubiri, nitakuambia, sasa hivi, mdomo tu ndio bado haujafunguka…