Viatu vya Barafu vya Tatiana

Mpaka leo najiuliza nilikosea wapi, na kila nikijijibu nazidi kuchanganyikiwa.

Klabu ya hoki ya barafuni anayochezea binti yangu Tatiana iliandaa mashindano ya kimataifa ya vijana hapa London, wakatafuta familia za kupokea wachezaji wageni. Niliinua mkono kabla hawajamaliza kuuliza. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Nikaletewa Aino, msichana wa Ufini, miaka kumi na sita kama wangu. Alifika kwetu Hayes na nguo alizovaa tu. Begi lake lilikuwa limepotea safarini, na viatu vyake vya barafu vilikuwa humo.

"Usilie, mwanangu," nikamwambia kwa Kiingereza changu. "Tatiana ana jozi mbili. Wewe utavaa hii mpya."

Tatiana alikuwa amesimama mlangoni na shuka mkononi, maana kitanda chake nilikuwa nimeshampa Aino. Akaniangalia. Mtoto huyu Kiswahili anakisikia chote, lakini hujibu kwa Kiingereza.

"It's fine, Mum," akasema.

Sasa mimi ningejuaje? Kwetu Murang'a kiatu kimoja kilipitia miguu ya watoto wanne, na wote tulifika shule. Na hiyo jozi ya zamani si aliivaa mwaka jana tu?

Jumamosi timu zao zikakutana. Jukwaani aliketi mzee wa Kanada mwenye daftari, aliyekuja kuchagua msichana mmoja akasomeshwe bure kwao huku akicheza hoki. Tatiana alikuwa amemngoja mzee huyo mwaka mzima. Mchezo wenyewe siujui. Kile kidude cheusi wanachogombania hata sikioni, na kwa zile kofia watoto wote wanafanana. Mara nikaona mmoja anawapita wenzake wote, akafunga. Jezi sikuiangalia, viatu nikavitambua: kamba za manjano nilizinunua mwenyewe! Nikapiga vigelegele mpaka jukwaa zima likageuka.

Harjit, mzee wa Kisumu ambaye mjukuu wake yuko timu yetu, akaniinamia. "Dada, hapo tumefungwa sisi."

Nikamtafuta wangu. Alikuwa kwenye benchi, amejikunja, anafungua viatu. Hakurudi tena uwanjani. Yule mzee wa Kanada alimwandika Aino.

Jioni begi la Aino likaletwa. Nikamwekea Tatiana maji ya chumvi kwenye beseni. Visigino vilikuwa vimechubuka vibaya, kucha mbili zimekuwa nyeusi. Roho iliniuma.

"Mbona hukuniambia vinakubana?"

Akatumbukiza miguu kwenye beseni.

"Mum," akasema, na safari hii kwa Kiswahili, "na mimi nataka kuwa mgeni wako."

Aino akaita kutoka chumbani, anaomba taulo. Nikasimama, nikakaa, nikasimama tena.