Pori Safi

Moshi niliuona kabla sijafika getini. Nilikuwa natoka Karema kumwona mama, na bodaboda alipokata kona ya kiwanda chetu cha asali, nje kidogo ya Mpanda mjini, nikamwambia asimame hapo hapo. Nikakimbia na begi mgongoni.

Nyuma ya stoo ya ndoo kulikuwa na pori. Miaka mitatu niligombana na kila mtu ili pasifyekwe, visiki vya miti ya mitundu vichipue na maji ya kuoshea ndoo yaingie kidimbwini badala ya kumwagwa barabarani. Ndege wakaja. Kiangazi nyuki walikunywa pale. Na wiki iliyopita, kando ya uzio, kwale alianza kulalia mayai.

Sasa ardhi ilikuwa tupu, imefagiliwa mpaka mistari ya ufagio inaonekana. Matairi yamepakwa rangi ya bluu, mawe yamepakwa chokaa. Katikati ya jivu limesimama bango jipya: ENEO LA VIUMBE HAI.

"Umeona?" Meneja wetu, Zakayo, alikuwa na suti, anatabasamu kama bwana harusi. "Pamependeza, eh?"

"Nani kakwambia ufyeke?"

"Felista, salimia kwanza."

"Shikamoo. Nani kakwambia ufyeke?"

"Si wanunuzi wa Dar wanakuja leo? Wamesema wanataka kuona eneo la viumbe. Sasa waje wakute pori?"

"Wanakuja kuona pori!"

"Pori safi," akasema.

Ndivyo tulivyo. Mgeni akitangazwa, iwe shuleni, zahanati au kanisani, kitu cha kwanza ni fyekeo. Yeye hajapanda hata gari, sisi tumeshang'oa kila kinachopumua. Majani ni aibu, vumbi ndiyo heshima. Tukishamaliza tunajipongeza.

Kilichobaki kilikuwa kipande kando ya uzio, kama mikeka mitatu hivi. Mzee Lyamba, mlinzi wetu, alikuwa anakikaribia, ameinama na fyekeo. Nikampita, nikakaa juu ya majani na gauni langu la safari.

"Binti, toka. Nitakukata mguu."

"Kata. Kwale yuko nyuma yangu."

Akachungulia. "Mh. Yupo kweli. Tena mnono."

"Mzee!"

"Natania, mwanangu."

"Maliza kazi, mzee!" Zakayo alifoka. "Pita pembeni yake."

"Pembeni wapi, bosi? Amekaa kama gunia la mpunga."

Nje honi ililia. Zakayo akakimbilia getini, na Mzee Lyamba akalaza fyekeo chini. Alisema mgongo umeanza kumuuma.

Wageni waliingia, mbele yao mama mmoja wa miwani. "Hongereni," akasema, "mazingira masafi sana."

"Na eneo la viumbe liko wapi?"

Zakayo akanyoosha kidole kwenye bango. Mama akatazama jivu, akanitazama mimi. "Na huyu dada?"

"Huyu ni... mhudumu wa eneo."

"Eneo mmelikanyaga, mama," nikasema bila kuinuka. "Jana lilikuwa hapo mliposimama. Wamelichoma ili mlione vizuri. Hiki ndicho kimebaki, na kuna ndege analalia mayai."

Nilitaka akasirike. Nilitaka apige kelele kuliko mimi. Akasema, "Oo, poleni," halafu akaomba wapigwe picha karibu na bango. Walikunywa soda, wakapanda gari, wakaondoka.

Zakayo alirudi anafuta jasho. "Wamefurahi. Kesho mzee anamalizia hapo ulipokaa, basi."

Nikainuka polepole. Kwale hakuruka. Kwenye kiwanda kizima fyekeo lilikuwa hilo moja tu. Nikaliokota na kutoka nalo getini. Nilimsikia Zakayo akiniita, sikugeuka. Nilipanda bodaboda nimelipakata.

Jioni akaandika kwenye grupu la kazini: "Fyekeo la ofisi lirudishwe asubuhi. Mwenye nalo anajijua."

Nikajibu: "Mayai yakianguliwa."

Kisha Mzee Lyamba, ambaye hajawahi kuandika kitu kwenye grupu lile, akaandika: "Mgongo wangu bado."

Najua kazi inaweza kuota mbawa. Ikiota, iote pamoja na vifaranga. Fyekeo liko chini ya kitanda changu. Zakayo akilitaka aje mwenyewe aliombe, na asalimie kwanza.