Siku Sita za Kupanda

Fundi makochi alianza mazoezi ya kupanda mlima akiwa na miaka sitini na mbili, kitambi kinamtangulia mlangoni, na begi la mgongoni limejaa sponji. Kiongozi wa mlima alikuwa amemwagiza apande ngazi na mzigo, naye kwa akili zake akaona begi likishavimba, basi huo ni mzigo. Alipanda mpaka ghorofa ya pili ya jengo lenye karakana yake, akashuka, akajisifu. Mshonaji wa chumba cha jirani alilinyanyua begi lile kwa kidole kimoja, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa kipande cha bitana. Kesho yake begi lilikuwa na springi za makochi mabovu, kilo kumi na mbili, na mzee hakufika hata ghorofa ya kwanza bila kushika ukuta.

Huyo kiongozi wa mlima alikuwa binti yake, tena wa pekee. Maagizo yake aliyatuma kwa simu kama anavyowatumia wateja wote: moyo upimwe, ngazi zipandwe, kila Jumapili mtu atembee kwa saa nne, viatu vizoezwe mapema. Juu aliandika, "Shikamoo mzee." Zamani angeandika baba. Miaka mitatu sasa neno hilo lilikuwa limemkauka mdomoni, na mzee aliumia kila lilipokosekana, ingawa hakuwahi kumwambia mtu.

Kilichowatenganisha ni mazishi. Mke wa fundi aliugua ghafla Jumatatu, akafariki Jumanne alfajiri. Binti alikuwa na wageni kambi ya juu kabisa, siku ya tano ya safari. Mzee alipiga simu ofisini kwao, habari ikarushwa mlimani kwa redio. Ndugu wakauliza kama wamngoje. Mzee akasema mlima ule ni siku sita, alisikia kwa masikio yake mwenyewe mwaka binti alipoanza kazi. Aliyepanda siku tano atashuka siku tano, hiyo ni hesabu ya darasa la pili. Jumatano saa nane mchana wakazika.

Saa kumi na moja jioni binti akaingia uani akichechemea, miguuni ana ndala. Mzee alizitazama ndala zile, akapiga hesabu nyingine papo hapo. Nani anatoka mlimani siku moja, tena na ndala? Basi hakuwa mlimani. Alikuwa zake mjini huko chini, anastarehe, habari ikamkuta hapo na bado akajivuta.

"Nimekimbia, baba," binti alisema.

"Na ndala?" mzee akamjibu mbele ya waombolezaji wote. "Mama yako amezikwa na wanaompenda."

Binti alikwenda kaburini peke yake, akalala kwa shangazi yake, na asubuhi akaondoka. Tangu hapo alituma salamu sikukuu zikifika na hela ya dawa mzee akiumwa, zaidi ya hapo kimya.

Sasa nyumba ya mtu mmoja si nyumba, ni mahali pa kuwekea viatu. Mwaka wa kwanza hasira ilimsaidia mzee kula na kulala. Mwaka wa pili ilipungua, wa tatu ikaisha, na chini yake akakuta amemkosa mwanawe mpaka kifua kinauma. Akaamua kwenda kumsamehe. Ndiyo, kumsamehe, ndivyo alivyojiambia. Angepanda naye mpaka kileleni, na huko juu, mbele ya wageni wake, angemwambia yamekwisha. Heshima aliyomvunjia hadharani angemrudishia hadharani.

Basi akalipia safari kama mteja, akajituma. Asubuhi kabla ya kufungua karakana alipanda ngazi zote za jengo, ghorofa sita, springi zikilia mgongoni kama kitanda kibovu, wapangaji wakichungulia kuona ni nani anahama. Akaacha sukari. Magoti yalivimba, akayakanda kwa maji moto, akarudi tena. Mshonaji alimpunguzia suruali kiuno mara mbili, na mara ya pili hakucheka, alimuuliza taratibu kama huko mlimani kuna mtu anamfuata. Mzee akasema anafuata hewa safi. Daktari alimpima moyo, akamwambia ana moyo wa kijana. Mwezi wa nane akawa anafika ghorofa ya sita huku anaongea, na alichokuwa anaongea ni hotuba yake: "Mwanangu, yaliyopita yamepita."

Walipanda watu sita na binti mbele yao. Alikuwa mkali kwa wote sawasawa. Alimkagua mzee mikanda ya begi, akamlazimisha kunywa maji, akamrudisha nyuma alipotaka kukaza mwendo. Mzee alishangaa wanavyotembea kama wanaosindikiza bibi harusi, kambi hii mpaka ile nusu siku, kisha kukaa tu. Alimwona mwanawe akimfunga kiatu mgeni aliyekosa nguvu za kuinama, akimbembeleza mwingine amalize uji. Hii kazi aliyokuwa akiiita kutangatanga, hakuwahi hata siku moja kumuuliza inafanywaje. Mara mbili alitaka kuanza hotuba yake njiani, akaizuia. Aliiwekea kilele.

Siku ya tano, kwenye kambi ya juu, kichwa kikaanza kumgonga. Usingizi ukamkataa, na asubuhi akatapika chai yote. Binti alimbana kidoleni kifaa cha kupimia hewa iliyomo kwenye damu, akasoma, akapima tena kidole kingine.

"Unashuka," alisema.

"Nipe leo tu. Kuna neno nataka kukwambia kule juu."

"Mzee, mimi kazi yangu ni kurudisha watu wazima. Unashuka sasa hivi."

Alimfunga skafu shingoni mwenyewe, akampandishia zipu ya koti mpaka kidevuni. Akamkabidhi kwa msaidizi wake mkongwe, mtu wa mvi aliyefanya naye kazi tangu mwanzo lakini hakujua mgeni huyu ni nani, maana binti alimwandika kwenye orodha kama mteja mwingine yeyote.

Walipoanza kuteremka, mzee alilalamika kwamba siku tano nyingine za njiani zitammaliza. Msaidizi akacheka.

"Siku tano za nini, mzee wangu? Jioni ya leo uko getini. Kupanda tunakwenda polepole ili mwili uzoee hewa. Kushuka unazoea nini? Ni miguu yako tu."

Mzee alisimama. Msaidizi akadhani kichwa kimezidi, akamshika mkono, na ili kumtia moyo akaendelea kuzungumza. Akamwambia hata yule kiongozi wao, mwaka aliofiwa na mama yake, redio ilinasa habari usiku tu, na alfajiri akateremka kutoka kambi ile ile kwa saa tano. Hakuchukua hata maji. Ukikimbia mteremkoni namna ile, vidole vinagonga mbele ya kiatu, alipofika chini kucha nne zilikuwa zimeng'oka na soksi zimelowa damu. Viatu havikuvalika tena. Mlinzi wa getini ndiye aliyemvulia ndala zake.

"Na bado hakumkuta," msaidizi alisema. "Walishazika. Watu wengine wana mioyo migumu."

Mzee alitembea, na kila hatua ilimfikisha chini upesi kuliko alivyotaka. Kufika saa kumi alasiri, na uzee wake, na kichwa chake kibovu, alikuwa amekaa kwenye benchi la getini.

Hakukubali kupanda gari. Alilala kwenye chumba cha wageni hapo getini, na siku ya pili mchana kundi likateremka, wamechoka, wanacheka. Binti alipomwona alishtuka, akauliza kama kichwa kimetulia. Kisha akakaa naye kwenye benchi, akaanza kufungua kamba za viatu.

"Sikujua," mzee alisema. "Nilidhani kushuka nako ni siku tano, sita."

Binti aliendelea na kamba. "Mama alijua. Kila nilipofika kileleni alianza kunipikia, maana kesho yake niko nyumbani. Nyumba nzima ni wewe tu uliyekuwa hujui."

Hapo mzee angeweza kunyamaza. Neno lililobaki alilijua yeye peke yake, na angeweza kwenda nalo kaburini na mwanawe akabaki na maumivu yale yale aliyoyazoea. Lakini yeye aliyekuja kusamehe alikuwa amejikuta ndiye mwenye kosa.

"Alfajiri ile, kabla hajakata kauli, mama yako alinishika mkono. Akasema, mpelekee mtoto habari, mumngoje, kesho atafika. Nikadhani anaweweseka."

Binti aliacha kamba.

"Alisema kesho?"

"Alisema kesho."

"Ukamwambia nani?"

"Sikumwambia mtu. Nisamehe, mwanangu."

Binti alibaki ameinama, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, halafu akalia kwa sauti, kilio ambacho siku ile uani alikimeza. Wageni wakaacha kucheka. Mzee naye machozi yalimtiririka. Alinyoosha mkono amshike bega, na binti akalisogeza bega lake taratibu, bila hasira, kama mtu anayekwepa kuguswa jeraha.

"Usinishike sasa hivi," alisema.

Mzee akaurudisha mkono, akasogea mpaka mwisho wa benchi, akakaa.