Aliyehama ni Mmoja Tu

Mwaka wa tisini na nane, chuo chao pale Guangzhou kilipotaka kupiga marufuku sigara, Leokadia ndiye aliyekuwa msemaji wa wanafunzi wa kigeni. Mwalimu Chen wa ofisi ya wageni aliingiwa na wasiwasi.

"Tukiwakataza, wengine hawatajiandikisha. Watakwenda vyuo vingine."

"Watakuja tu, mwalimu," Leokadia alijibu. Baba yake alikufa kwa mapafu yaliyoharibiwa na sigara huko Bukoba, akikohoa damu mbele ya wanawe. Kura ilipoitishwa, alinyoosha mkono kuunga marufuku bila kusita.

Lakini hakumwambia Joachim, mchumba wake, naye Joachim alikuwa mvutaji wa kutupwa. Jioni alimkuta bwenini amenuna.

"Mji mzima huu unavuta. Hata wenye maduka kule mtaa wa Yide Lu wanakuuzia vitu sigara mdomoni. Ukaona unibane mimi?"

"Nataka tuzeeke wote, Joachim."

"Ungeniambia kwanza. Nimeyasikia kwa watu, kama vile si wako."



Marufuku ilipoanza, mlinzi alimkamata Joachim akivuta ngazini, akamkamata tena. Kabla hajafukuzwa, akaomba uhamisho kwenda chuo cha Wuhan. Leokadia alimsindikiza stesheni, moyoni akiamini atageuka.

"Nisamehe kwa kukuficha," alimwambia.

"Na ile kura?"

Leokadia alimfikiria baba yake. "Ile siwezi kuijutia."

Joachim alitikisa kichwa, akabeba begi lake, akapanda treni. Barua zote Leokadia alizomwandikia hazikujibiwa.

Septemba wageni walifurika ofisini kujiandikisha. Mwalimu Chen alikuwa anacheka peke yake.

"Ulisema kweli! Wameongezeka kuliko mwaka jana. Aliyehama kwa ajili ya sigara ni mmoja tu."

"Mmoja tu," Leokadia alirudia.

Akapewa ufunguo ampeleke mgeni chumbani, Mkenya aitwaye Rotich. Kufika, akakuta ni chumba cha Joachim. Mapazia bado yalinuka moshi.

"Dada, nani alikuwa akikaa hapa?" Rotich aliuliza, akifungua dirisha.

Leokadia alifungua kinywa kulitaja jina. Akajikuta ameketi kwenye kitanda kisicho na shuka, analia kwa sauti mbele ya mtu asiyemjua, na Rotich amesimama dirishani, hajui amemkosea nini.