Pumzi ya Verlin Tackett

Jumamosi saa sita mchana Lavonne alipanda ngazi mbele ya mgahawa wake, akang'oa herufi za jina la Verlin Tackett kwenye bango la barabarani, akachomeka za Rhonda Pruett. Nafasi ni ya jina la mwimbaji mmoja tu. Verlin ndiye aliyemshikia ngazi, maana Lavonne ana magoti mabovu.

Jina la Verlin lilikaa pale miaka kumi na mitano, tangu alipomzika mkewe, Idella. Kila Jumamosi jioni aliketi kwenye stuli karibu na kabati la pai, akapiga gitaa na kuimba habari za barabara yetu ya zamani hapa Oklahoma: moteli zilizofungwa, pampu za mafuta zilizoota kutu, madereva wanaokupungia vidole viwili bila kuachia usukani. Tulimpigia makofi huku tunatafuna. Orrin hakuwahi hata kugeuza shingo.

Orrin ni sanamu ya tangazo, jitu la plastiki ngumu lililosimama mbele ya duka la matairi, ng'ambo ya barabara. Ana kimo cha nyumba ya ghorofa na ameshika tairi mikononi tangu enzi za babu zetu.

Rhonda anauza karanga na fataki kwenye kituo cha mafuta. Hajui gitaa, hajui hata kupiga mluzi. Mwezi wa tatu aliandika maneno matano kwenye simu yake: jitu, tairi, mvua, moteli, kahawa. Akaiambia akili mnemba itoe wimbo wa kienyeji wenye mdundo wa roki. Kahawa haijapoa, wimbo tayari: gitaa, ngoma, sauti ya mwanamume, vyote. Akaupiga mgahawani kwa spika. Orrin akaweka tairi chini, akaangalia kushoto na kulia, akavuka barabara, akainama dirishani kusikiliza. Machozi yake yalijaza ndoo mbili, Lavonne akayapigia deki.

Tangu siku hiyo watu wakaanza kuja kutoka mji wa Tulsa.

Verlin alishikwa na wivu. Sitampamba: kilikuwa kijiba cha roho hasa, cha kumchukia mtu hata anavyokoroga kahawa.

"Yule anabonyeza kitufe tu," alimwambia Lavonne. "Mimi vidole vimeota sugu!"

"Sugu hazileti wateja, Verlin. Orrin anamfuata nani?"

"Mwenye wivu ajinyonge," Rhonda akadakia kutoka meza ya pili, mdomo umejaa pai.

Jumatatu Verlin alibeba gitaa lake, akaenda kusimama miguuni pa Orrin. Akaimba wimbo uleule wa Rhonda, beti zote. Jitu likatazama mbele. Kisha akaupiga kwenye simu. Orrin akaweka tairi chini na kuchuchumaa.

"Mshenzi mkubwa wewe! Miaka kumi na mitano nakuimbia!"

Ndipo akaisikia ile pumzi. Verlin alivunjwa ubavu na farasi akiwa na miaka ishirini na tisa, na tangu hapo hukatiza mstari katikati ili avute pumzi, mahali ambapo mwimbaji mwenye akili zake hapumui. Mwimbaji wa Rhonda alipumua palepale. Simu haina ubavu. Akausikiliza tena, sikio limegusa simu. Nyuma ya gitaa, mbali, kulikuwa na mngurumo wa mashine ya kufulia.

Alikumbuka kanda alizorekodi mwaka mmoja baada ya kuvunjika ubavu, kwenye chumba cha kufulia, Idella akikunja mashuka. Idella aliziweka zote mtandaoni kabla ya kufa, ili mumewe asikike. Zilisikilizwa na watu kumi na mmoja na mashine moja: ile akili mnemba ya Rhonda.

Akaenda kituo cha mafuta.

"Rhonda, anayeimba humo ni mimi."

Rhonda akasikiliza, akaitikia bila ubishi. "Kweli, ni wewe mtupu! Kumbe ndiyo maana niliipenda sauti hiyo. Lakini wimbo ni wangu, kaka. Maneno matano niliandika mimi."

Tulipoulizwa, sote tulikubali kwamba ni yeye. Lavonne alisema hata mbwa angemtambua. Bango halikuguswa.

"Ila watu wa Tulsa wanataka sura ya kutazama," Rhonda akamwambia. "Njoo ukae kwenye stuli. Lakini usiimbe, utaharibu. Chezesha midomo."

Jumamosi akakaa. Spika ikaanza, naye akachezesha midomo, na kila pumzi alijua ilipo. Wivu haukumtoka. Ulihama kwa Rhonda ukaenda kwa yule mwanamume wa kwenye spika, mwenye miaka thelathini, ambaye mkewe bado alikuwa anakunja mashuka. Orrin aliinama dirishani akalia. Lavonne alikuwa ameshatega ndoo.

Wimbo ulipokwisha, mama mmoja wa Tulsa akamshika bega. "Kaka, umemwigiza mwimbaji vizuri mno. Hata pale anapokatiza kuvuta pumzi!"

"Nashukuru, mama," Verlin akasema.

Kisha akatoka nje. Herufi moja ya jina la Rhonda ilikuwa imelegea, na Lavonne alihitaji mtu wa kumshikia ngazi.